Kurudi kuchora baada ya miaka kumi na moja: alfajiri, karakana, oda au likizo?

Sanduku la rangi nililisukuma chini ya kitanda mwaka 2012. Nilipolivuta mwaka 2023 lilitoka na kiota cha panya, brashi kumi na mbili zilizokakamaa kama vijiti vya mshikaki, na makopo manne ya rangi ya mafuta: mawili yameota ngozi juu ila chini bado majimaji, mawili yamekuwa jiwe. Kulikuwa pia na daftari la vichwa. Panki, denge, kipara cha kung'aa. Ndilo nililokuwa nawafunulia vinyozi wa Mwanjelwa na Mafiati, hapa Mbeya, wachague kabla sijapanda ngazi kuwachorea ukutani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kuandika majina ya maduka, kuchora mkasi na kitana kwenye saluni, ng'ombe kwenye bucha, gurudumu kwa fundi pancha. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Mteja anapeleka picha kwenye flashi asubuhi, jioni anaondoka na bango limekunjwa kwapani. Sikugombana na mtu. Nilienda kuuza mbolea na mbegu Uyole, na miaka kumi na moja ikapita nikichora kitu kimoja tu, yaani sahihi yangu kwenye risiti.

Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa. Ila hawakusema mhunzi afanye nini kesho yake asubuhi akishapata koleo jipya. Mimi nimejaribu njia nne za kurudi, nyingine kwa kupanga na nyingine kwa kusukumwa na shida. Na kwa kuwa shemeji yangu wa Iringa, aliyekuwa anaandika hadithi akaacha alipojifungua mtoto wa kwanza, kila tukionana ananiuliza aanzie wapi, nimeona niziweke zote hapa ubavu kwa ubavu. Mimi nachora, kwa hiyo mifano yangu ni ya kuchora. Anayefuma, anayeandika au aliyetundika gitaa ukutani atabadilisha majina ya vifaa tu.

Kilicholala na kisicholala

Kipimo changu ni kimoja, na nilikipata siku ya kwanza kabisa. Nilichukua penseli nikachora mkono wangu wa kushoto ukiwa juu ya meza. Ulitoka kama glavu iliyojazwa maharage. Lakini ubaya wa mchoro haukuniumiza, maana nikiwa kijana nilichora mibaya zaidi na nikaitundika sebuleni. Kilichoniumiza ni kwamba niliona kila kosa. Kidole gumba kimeota mbali na kiganja. Kucha zote zinatazama upande mmoja kama abiria kwenye daladala. Hakuna hata kifundo kimoja kilichokaa mahali pake.

Miaka kumi na moja mkono ulikuwa umelala, lakini jicho halikulala. Lilikuwa linatazama mabango ya njia kuu, vitenge, picha kwenye simu, nyuso za wateja dirishani, likijifunza kimya kimya. Sasa jicho ni la mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mkono ni wa mtoto wa darasa la nne, na wote wawili wamepanga chumba kimoja.

Mkono unarudi. Wangu ulichukua kama wiki sita kuacha kutetemeka na kuanza kutii. Wengi wanapotea ndani ya wiki hizo, jicho linapouzomea mkono kila siku. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza swali lilelile: katika kipindi hicho nani anaiona michoro mibaya, na akishaiona anafanya nini?

Alfajiri na karakana

Hizi mbili ndizo watu wengi wanababaika katikati yake, nazisema pamoja.

Alfajiri ni wewe, meza, taa, na nusu saa kabla nyumba haijaamka. Kwa gharama hakuna inayoigusa. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500. Ukitumia moja kwa siku itakupeleka mwaka mzima na zaidi ya miezi minne. Penseli tatu zinatosha, HB, 2B na 6B. Hakuna nauli, hakuna wa kumwomba ruhusa.

Lakini tuko Mbeya. Mji umekaa kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja asubuhi, vidole havikunji. Nilikuwa nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka vidole vikubali, ndipo naanza. (Tafadhali usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Hewa yake inaua watu wakiwa wamelala.) Jua nalo lina mambo yake. Sisi tuko magharibi ya Dar lakini saa yetu ni moja na yao, kwa hiyo mwezi wa saba hapa jua halichomozi mpaka karibu saa moja. Maana yake alfajiri ya Mbeya ni ya taa, na taa ya njano inakula rangi ya njano. Niliwahi kupaka ua la rangi ya limao chini ya balbu yangu. Nikaona kama karatasi bado tupu, nikaongeza, nikaongeza tena. Kulipokucha nikakuta nimepaka kiini cha yai. Tangu siku hiyo alfajiri ni ya penseli tu, rangi zinasubiri mchana wa Jumapili.

Hayo ya baridi na taa yana dawa. Tatizo kubwa la alfajiri ni lile jicho. Michoro yako haionwi na mtu isipokuwa mmoja, naye ndiye mkali kuliko wote. Wiki ya pili nilikuwa nafuta zaidi ya ninavyochora, mpaka karatasi ikatoboka. Kilichonisaidia ni kumpa binti yangu kifutio aende nacho shule, nami nikahamia kwenye kalamu ya kawaida ya bluu. Mstari wa kalamu haufutiki. Jicho likishaona halina la kufanya kwa mstari uliopita, linaanza kuhangaikia unaofuata. Na karatasi ikijaa naigeuza kifudifudi, sizifunui mpaka Jumapili baada ya ibada. Mchoro uliouchukia Jumanne, Jumapili unaukuta wa kawaida tu. Hauchukizi tena.

Utasikia pia kwamba ukifanya jambo siku 21 linakuwa mazoea. Si kweli kwa kila mtu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijijengea mazoea mapya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: wastani ulikuwa siku 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari. Hilo la mwisho lishike. Mafua yaliponilaza siku nne nilijiambia basi, nimeshaharibu, turudi kwenye mbolea. Siku ya tano niliketi mezani na mkono ulikuwa palepale nilipouacha.

Karakana ni habari nyingine. Namaanisha mahali popote ambapo watu wanafanya kazi ya mikono au ya sauti na wewe unaruhusiwa kukaa pembeni: kibanda cha fundi, chumba cha cherehani, mazoezi ya kwaya. Iringa mnayo Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003, ambako mafundi wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi za mikono, hata za kinyesi cha tembo. Nilipita na shemeji kutafuta karatasi, nikajikuta nimesimama muda mrefu kuliko wa kununua. Fundi alikuwa anafumua mstari aliokosea. Anauvuta uzi taratibu, anaukunja, anaanza upya, na jirani yake hata hageuzi shingo. Pale kukosea ni sehemu ya zamu.

Kwangu mimi karakana ilikuwa kibanda cha mzee mmoja maeneo ya Soweto, hapahapa Mbeya, anayeandika maneno kwenye malori na matela. Mashine haijamnyang'anya kazi sawasawa, kwa sababu tela halibebwi kupelekwa steshenari, na madereva wa barabara ya Tunduma bado wanataka methali yao iandikwe kwa mkono. Nilimwendea Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si yule kijana wa vichwa?"

Miaka kumi na moja, na bado mimi ni kijana wa vichwa. Akanipa brashi na kipande cha hadibodi chakavu, akasema niandike herufi S mpaka kijae.

Kama hujawahi kuandika bango utadhani alikuwa ananidharau. Herufi S ndiyo inayomuumbua mwandishi. Haina mguu wa kusimamia wala mstari mnyoofu wa kujificha. Tumbo la chini linatakiwa liwe kubwa kidogo kuliko la juu. Ukiyalinganisha sawasawa, herufi inaonekana inataka kuanguka kifudifudi. Na mkunjo wa katikati lazima uende kwa mvuto mmoja wa brashi. Ukisita, unabaki uvimbe. Nilijaza ubao ule pande zote mbili. Mzee akapita na kikombe chake cha chai, akatazama, akaguna, akanyoosha kidole: "Ya saba kutoka kule inatembea." Akaendelea na tela lake. Hakusema lolote kuhusu zilizobaki.

Hapo ndipo karakana inapoishinda alfajiri. Jicho lako linatafuta maiti, jicho la mwenzako linatafuta kilicho hai.

Hasara zake ni nauli, muda na maneno. Kuna Jumamosi nilifika saa tatu asubuhi tukazungumzia Mbeya City hadi saa nane, nikarudi nyumbani na rangi kwenye suruali tu. Halafu utaambukizwa mkono wa mwenye kibanda. Miezi mitatu herufi zangu zote zilikuwa na mkia wa mzee yule, na mpaka leo K yangu ni yake.

Watu husema mwenye aibu aanze peke yake, mwenye ujasiri aende kwa watu. Mimi nasema kinyume. Mwenye aibu ukimfungia chumbani umemfungia na yule anayemwaibisha. Yeye ndiye aende karakana. Anayefaa kufungiwa alfajiri ni yule anayependa kusifiwa, ambaye akichora nusu tu anatafuta wa kumwonyesha.

Oda

Hii siipendekezi kwa kuanzia, ingawa ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Kinyozi mmoja wa Ilomba alisikia kwamba nimerudi. Alitaka kichwa cha kijana mwenye fedi, ukutani, ukubwa wa mlango. Ilikuwa Novemba, Januari inakuja na mahitaji ya shule. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Siku mbili juu ya ngazi. Ukiwa karibu na ukuta huoni picha, unaona rangi tu, ndiyo maana fundi anatakiwa ashuke kila baada ya muda avuke barabara atazame kwa mbali. Zamani nilifanya hivyo bila kufikiri. Safari hii nilisahau. Niliposhuka nimemaliza na kuvuka, nikaona jicho la kushoto limekaa juu ya la kulia kwa upana wa kidole kizima. Kijana wangu wa ukutani alikuwa anautazama mlima Loleza kwa jicho moja na soko kwa jingine.

Nilishaanza kurudi na kitambaa na thina nimfute. Kinyozi akawahi kutoka. Akasimama, akashika kiuno, akaita ndani, "Jamani njooni mwone!" Wakatoka wawili, mmoja povu limejaa nusu ya kichwa. Wakatazama. Yule wa povu akasema, "Nataka hiyo hiyo." Nikalipwa nusu iliyobaki palepale, na soda juu.

Nilipanda bajaji nikiwa na pesa na aibu kwenye mfuko mmoja. Siku tatu baadaye nilipita tena makusudi, nikakaa ng'ambo kwa mama wa maandazi nikiangalia wapita njia. Hakuna aliyeona jicho. Waliona fedi. Na fedi ilikuwa nzuri kweli: kivuli kinapanda kutoka sikioni, kinafifia kidogo kidogo hadi ngozi tupu, sehemu ambayo mkono uliifanya wenyewe wakati mimi nahangaika na macho. Mteja hatazami mchoro kama fundi anavyoutazama. Anaangalia kama utamletea watu. Kwa mtu ambaye jicho lake linamtesa, kujua hilo ni dawa.

Ila dawa yenyewe ina dozi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Oda tatu zilizofuata nilichora kichwa kilekile, fedi ileile na, utacheka, jicho lilelile juu kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wamelipenda. Nilikuwa nimerudi kwenye kazi, sijarudi kwenye kuchora.

Ukilazimika kuanza na oda, chukua nusu ya malipo kabla hujafungua kopo, mwandikie mteja ukubwa na tarehe, na tarehe uliyoifikiria iongeze nusu yake, maana mkono wa sasa hauna mwendo wa ule unaoukumbuka. Na miezi sita ya kwanza usichore uso wa mtu anayejulikana na watu. Mimi niliomba mwenyewe nimchore marehemu mume wa jirani yetu, kama zawadi ya arobaini. Mjane aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama sana. "Ndaga fijo, baba," akasema, yaani asante sana. "Amefanana na mdogo wake."

Kwa anayeandika, oda yake ni mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inapokea miswada ya Kiswahili. Ipo pia ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Faida yake ni tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho inaamsha hata aliyezimia. Upungufu wake ukilinganisha na kinyozi wa Ilomba ni kwamba hakuna anayetoka nje na povu kichwani. Unatuma, unasubiri, na usiposhinda hujui ipi ilikuwa ya saba inayotembea. Shemeji, jaza daftari kwanza. Tarehe zitakukuta njiani.

Likizo

Hii naisema kwa kifupi kwa sababu wengi wanaiota na wachache wataiweza. Niliomba siku saba, nikashuka kwenda Matema. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500, kwa hiyo unaacha sweta Tukuyu na kufika kwenye joto linalokausha rangi huku unaangalia. Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Mahali pa kuchora kuliko hapo sijaona.

Siku tatu sikuchora kitu. Nimelipa chumba, nimelipa nauli, nimemwachia mtu duka, na kila nikifungua karatasi gharama zote hizo zinakaa mbele yangu kama wazee wa baraza.

Jumamosi nikaenda soko la Lyulilo, ambako vyungu vya wanawake wa Kikisi vinaletwa kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Siku iliyofuata nikafuata vyungu hadi vinakotoka. Mama mmoja alikuwa anaumba, hana gurudumu, ni mikono na maji tu. Ukuta wa chungu ukalegea upande mmoja. Hakujaribu kuuokoa. Aliukandamiza kwa kiganja, akakunja chungu kizima, akakirudisha kwenye bonge. Nikamuuliza kama haumii. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua inalowesha.

"Bado ni udongo," akasema.

Jioni hiyo nilichora michoro kumi na miwili. Kwa hiyo likizo ilinifaa, lakini kwa bahati ya kukutana na mtu anayefanya kazi. Ikombe kwangu ilikuwa karakana nyingine tu, ya mbali na ya gharama. Nenda miezi mitatu au minne baada ya kuanza, mkono ukiwa umeshaamka, ujipongeze.

Penseli, akriliki au mafuta

Njia yoyote utakayochagua, hali ya hewa ya huku itachagua rangi nusu kwa nusu na wewe.

Rangi ya mafuta ya kopo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi. Alizaliwa mwaka 1932, akafariki mwaka 1972. Hesabu mwenyewe: alianza akiwa mtu mzima na akachora miaka michache tu. Namtaja kwa ajili ya wale wanaoniambia wamechelewa. Lakini Dar ni Dar. Rangi hii haikauki kwa thina kuruka peke yake. Inahitaji pia kukutana na hewa ya oksijeni ili igande, na baridi inachelewesha jambo hilo. Mbeya mwezi wa saba nimewahi kuiacha ubaoni siku mbili na bado ikapokea alama ya kidole cha mtoto. Rungwe ndiyo usiseme, kuna maeneo yanapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata karatasi inanyong'onyea. Uzuri wa uvivu wake ni kwamba kosa unalifuta kwa kitambaa chenye thina hata baada ya saa nzima. Ubaya ni harufu: inakulazimisha ufungue madirisha, na ukifungua madirisha unaganda.

Akriliki inakauka maji yakiondoka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Haifutiki, ila inafunikika, na kwa mtu wa wiki sita za kwanza hilo ni jema kuliko kufuta. Angalia mambo mawili tu. Kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto kama 10 utando wake haushikani vizuri, kwa hiyo si ya alfajiri ya Juni. Na ikikaukia kwenye brashi, hiyo brashi imekufa. Zile zangu kumi na mbili zilikuwa na mafuta. Nilizilaza kwenye thina siku mbili, tatu zikapona. Zingekuwa za akriliki nisingepoteza thina yangu.

Asiye na bajeti ya akriliki anunue rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, na nguo ya marekani. Ikaze nguo kwenye fremu ya mbao, ipake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikikauka ipake nyeupe mara mbili, piga msasa kidogo. Una ubao wa kujifunzia usioogopa kuuharibu. Rangi ya mafuta iache kwa ajili ya bango litakalokaa nje kwenye jua na mvua, maana hapo haina mpinzani.

Basi uchague ipi

Angalia kilichokuachisha.

Kama ni pesa, kama mimi, kila mtu atakuambia uchukue oda. Mimi ningekwenda alfajiri wiki sita kwanza, ndipo oda moja ndogo, na baada ya kila oda mbili mchoro mmoja usio wa mtu yeyote. Kama ni maneno ya mtu, mwalimu au ndugu aliyekucheka, nenda karakana, na chagua yenye mzee asiyesema sana. Kama ulichoka tu, likizo, hata ukirudi na karatasi tupu. Kama ni msiba, sina la kukushauri isipokuwa usianze na sura ya marehemu.

Na kama ni watoto na nyumba, usidanganywe na alfajiri. Ni ya mtu ambaye akiamka hakuna anayeamka naye. Mama mwenye mtoto mdogo hana alfajiri, ana zamu. Jumamosi mbili kwa mwezi, mtoto kwa bibi yake, na meza katikati ya watu wanaofanya kazi, zitamfikisha mbali kuliko nusu saa thelathini za kuibaiba.

Hayo ndiyo niliyomwambia shemeji mwezi uliopita nilipokwenda Iringa. Alinipokea na kamwene zake mlangoni, akanisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi, kisha akanyamaza.

"Sasa shemeji," akasema, "ungeniambia mapema. Mimi nimeshanunua taa."

Akaenda chumbani akaileta, akaichomeka, akaiwasha juu ya maganda ya viazi. Ya njano.